Maji Magumu Nyumbani: Tuyajue Kabla ya Kutumia Fedha

Somo la robo hii ni kwa kamati za parokia za Unguja, na pia kwa wafadhili wetu ambao huletewa maombi ya msaada yanayosema tu kwamba "maji yetu yana chumvi". Neno hilo chumvi ndilo linalotupotosha. Tunalitumia kwa matatizo mawili yasiyofanana, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

Tuanze na jiwe tunaloishi juu yake. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa mashariki na kusini kama Paje, Jambiani na Makunduchi, ni mwamba wa matumbawe, yaani jiwe la chokaa. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa jiwe hilohilo, na chokaa iliyoyashikanisha mawe ilipatikana kwa kulichoma. Mvua inapopenya udongoni huchukua kaboni dayoksaidi, ikawa na ukali kidogo, na ikifika kwenye mwamba huuyeyusha polepole. Hivyo ndivyo mapango yanavyochimbika, na hivyo ndivyo maji yetu yanavyobeba kalsiamu na magnesiamu. Maji yenye madini hayo kwa wingi ndiyo tunayoyaita maji magumu. Maji ya bomba ya mjini hayako mbali na habari hii. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na leo Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) huyavuta zaidi kutoka visima virefu. Yote ni maji yaliyotoka ardhini.

Dalili zake kila mama wa nyumbani anazijua: utando mweupe mgumu ndani ya birika, matundu ya bomba la kuogea kuziba, kunde na maharage kukataa kuiva, kanga kukakamaa baada ya kufuliwa. Lakini hasara kubwa iko kwenye sabuni. Madini haya hushikana na sabuni na kuigeuza utando usiosafisha kitu, na povu halitoki mpaka madini yote yamekwisha kushikwa. Chukueni ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita (maji yanayozidi 180 huhesabiwa kuwa magumu sana). Ndoo hiyo hula gramu 35 hivi za sabuni kabla nguo haijaguswa. Ndoo tatu za kufulia, na zaidi ya gramu 100 zimekwenda bure. Kwa familia inayonunua sabuni kwa vipande, hiyo si hesabu ndogo.

Tatizo la pili ni maji ya bahari. Karibu na pwani, kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia chini kwa chini. Haya huleta chumvi ya kweli, ile ya mezani, na ugumu pia, kwa kuwa maji ya bahari yenyewe yana ugumu unaozidi miligramu 6,000 kwa lita. Lita 2 tu za bahari katika 98 za maji matamu zinatosha kubadilisha ladha na kuongeza ugumu zaidi ya miligramu 120.

Basi, ndugu wanakamati, kabla ya kuandika ombi lolote fanyeni jaribio hili. Yeyusheni kipande cha sabuni ya mche katika maji ya mvua (msitumie sabuni ya unga, kwani hiyo hutoa povu hata kwenye maji magumu). Wekeni maji ya mvua katika chupa moja, ya kisima katika ya pili, na ya kisima yaliyochemshwa, yakapoa na kutuama, katika ya tatu. Tieni matone sawa ya sabuni, kisha tikiseni. Ikiwa chupa ya tatu inatoa povu zuri kuliko ya pili, ugumu wenu ni ule unaoondoka kwa moto: kuchemsha huifanya chokaa ijitenge na kutuama chini. Ikiwa hakuna tofauti na maji yanakolea mdomoni, bahari imeshaingia kisimani.

Kwa kufulia, magadi husaidia ugumu wa aina zote mbili. Kijiko kidogo kimoja au viwili kwa ndoo, koroga, acha kitambo, ndipo utie sabuni. Lakini magadi hayo yasiingie katika chungu cha maharage, ingawa wengi hufanya hivyo ili yaive haraka. Huharibu vitamini B1, na magadi mengi ya asili yana floraidi nyingi. Birika husafishwa kwa siki au maji ya ndimu yaliyoachwa humo saa kadhaa. Angalizo: siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, maana hutoa hewa ya sumu.

Je, maji magumu yanadhuru mwili? Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha mwisho cha ugumu kwa sababu za kiafya. Kinachoua ni vijidudu, na kipindupindu cha 2015 na 2016 hakijasahaulika hapa kwetu. Kwa hiyo anayeacha kuchemsha maji ya kunywa kwa kuchoka kukwangua birika anakimbia kero na kuifuata hatari.

Sasa kwa wafadhili. Mashine ya kulainisha maji hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu, inahitaji kulishwa chumvi mara kwa mara, na haiondoi ladha ya chumvi hata kidogo. Inafaa penye hita kubwa au chombo cha kutakasia vifaa vya zahanati. Kwa kaya za kijijini tungependa zaidi tangi la mvua, kwa sababu mvua haina ugumu na haihitaji vipuri. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 400, na tuseme 320 zinafika tangini. Masika ya Machi hadi Mei yana siku nyingi za namna hiyo. Paa la makuti halifai kwa kazi hii. Mvua ya kwanza iachwe imwagike ioshe bati, tangi lifunikwe mbu wasizaliane, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa hata hivyo. Kamati inayoleta ombi iandike ukubwa wa paa, idadi ya watu watakaotumia maji, na matokeo ya chupa zile tatu.