Utando juu ya retina: kwa nini picha kwanza?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani wa Tanga, nina miaka 61. Tangu mwaka jana jicho la kulia linanipindishia mambo. Mshono niliounyoosha kwa rula nauona una tumbo katikati, na fremu ya mlango nayo imepinda. Daktari alinimulika akasema kuna utando juu ya retina, huenda nikafanyiwa upasuaji. Kisha akaniandikia picha ya OCT kwenye hospitali nyingine. Kama utando ameshauona, picha ya nini tena? Nauli tu inanielemea.

JIBU: Swali hili nalisikia mara kwa mara, na inaniuma kwamba wengi huliuliza wakiwa wameshaahirisha picha kwa miezi.

Daktari wako aliuona utando kutoka juu, kama wewe unavyoona kitambaa kilichotandazwa mezani. Hakuweza kuona vizuri ubavu wake: umeshika wapi, umeachia wapi, na retina iliyo chini imekunjamana kiasi gani. Makula, yaani sehemu ya katikati ya retina unayoitegemea unapotunga uzi kwenye sindano, ina unene wa karibu robo milimita tu. Mashine ya OCT humulika hapo kwa mwanga usioumiza, hupima mwanga unaorudi, kisha huchora tabaka zote kama mkate uliokatwa ukaonekana ndani. Haitumii eksirei.

Unajua uzi ukikazwa mno kitambaa hujikusanya. Utando nao huivuta retina hivyo hivyo, ndiyo maana mshono ulionyooka unauona una tumbo. Na kuutoa ni kama kufumua. Fundi hafumui kwa kuvuta popote. Hutafuta pale uzi ulipolegea akaanzia hapo. Mpasuaji naye hutafuta kwenye picha mahali utando ulipojitenga na retina, kijinafasi cheusi chembamba kama unywele, na hujua pia mahali uliponatia sana, asije akaichana retina. Kabla ya kipimo hiki kuelezwa mwaka 1991 na watafiti wa Marekani, wakiwemo David Huang na James Fujimoto, mpasuaji aliingia ndani ya jicho bila ramani ya namna hiyo.

Picha hiyo ina jibu jingine, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote: upasuaji utakurudishia nini? Katikati ya makula yenye afya pana kibonde. Nimewahi kumwonyesha mgonjwa picha za macho yake mawili kwenye skrini; moja ina kibonde, nyingine pameinuka kama kichuguu. Aliweka kidole pale akanyamaza. Kibonde kikishapotea, tabaka za ndani zikapita juu ya katikati au zikavurugika hata zisitofautishike, uoni hauwezi kutarajiwa kurudi kama wa mtu aliyewahi mapema. Pia picha inaweza kuonyesha kwamba tatizo ni tundu la makula, au maji yaliyovuja kwa sababu ya kisukari. Hayo yana tiba zake.

Picha ikionyesha utando mwepesi na bado unasoma vizuri, unaweza kuambiwa usubiri, upigwe nyingine baada ya miezi kadhaa. Hakuna dawa ya matone inayouyeyusha, na miwani hainyooshi mistari. Ukipasuliwa, hutobolewa vitundu vitatu visivyofika milimita moja, ute wa jicho hutolewa, utando hutiwa rangi uonekane, kisha hubanduliwa kwa koleo ndogo sana. Uoni hurudi polepole kwa miezi, na kupinda kwa mistari mara nyingi hupungua kuliko kuisha. Kwa umri wako, tegemea pia mtoto wa jicho ndani ya miaka miwili hivi, kama hajatolewa bado.

Kuhusu nauli: kabla hujapanda basi, mwulize daktari ukipasuliwa itakuwa wapi, KCMC Moshi, Muhimbili au kwingineko. Pengine picha na kumwona mpasuaji vitafanyika safari moja. Omba nakala yako na uitunze, maana ya mwakani italinganishwa na hiyo. Kipimo chenyewe ni dakika chache. Unaegemeza kidevu na kukodolea macho kitaa. Ukiwekewa matone ya kupanua mboni, usikae kwenye cherehani siku hiyo.

Lakini ukiona ghafla mimweko kama ya radi, vidoa vyeusi vingi, au kivuli kama pazia linalofunga upande mmoja, usingoje siku ya picha. Hiyo huenda ni retina inachanika au kubanduka. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.