Kahawa Isiponukia: Korona Puani, Kooni na Masikioni

Msimu wa senene ukifika, vikaango huwa motoni kutoka Kashai mjini Bukoba hadi Kamachumu kule Muleba, na pua ndiyo hupata habari kwanza. Harufu hiyo, au ya kahawa inayokaangwa kwa jirani, ikitoweka kwako ghafla ilhali pua haijaziba, ishuku korona.

Dharura ya kimataifa ya UVIKO-19 ilitangazwa kumalizika tarehe 5 Mei 2023, lakini kirusi bado tunacho. Kikiingia puani hushambulia hasa seli zinazoitunza mishipa ya kunusa, si mishipa yenyewe. Ndiyo maana wengi hupona: seli hujijenga upya na harufu hurudi ndani ya wiki mbili hadi nne, ingawa wapo wanaosubiri miezi. Tangu aina ya kirusi iitwayo Omikroni ienee mwishoni mwa 2021, dalili hii ya kupoteza harufu imepungua. Sasa wengi hulalamika koo linalowasha na kuuma, kamasi na chafya, na hapo macho hayawezi kutofautisha korona na mafua ya kawaida. Kipimo ndicho kinachojua. Ukiwa na dalili hizo, vaa barakoa na ukae mbali na wazee na wenye kisukari nyumbani. Kwa koo, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Usikimbilie amoksilini dukani, kwani haiui virusi.

Kinachotisha zaidi ni harufu kurudi ikiwa imeharibika. Vitunguu na nyama ya kuchoma hutia kichefuchefu, na kahawa hunuka kama kitu kilichooza au kuungua. Kahawa ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya hali hii, na katika mkoa wa Kagera unaoishi kwa kahawa ni rahisi mtu kudhani ametupiwa kitu. Hakuna mchawi hapo. Ni mishipa inayopona, ikipeleka kwenye ubongo taarifa zisizokamilika.

Pua hufundishwa upya. Njia iliyoanzishwa na Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, hutumia harufu nne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Kwetu waridi si lazima. Vanila inayolimwa hapa hapa Kagera inafaa kabisa. Nusa kila moja polepole kwa sekunde 15 hivi, asubuhi na jioni, ukiikumbuka ilivyokuwa, kwa miezi mitatu au zaidi. Wengi huacha wiki ya pili kwa kuwa hawaoni mabadiliko, nakusihi usiache. Wakati huo, mwombe mwenzako anuse dagaa na sangara kabla hujapika, na akague jiko la gesi, maana pua yako haitakuonya.

Nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, iliyopata umaarufu mkubwa mwaka 2020, haiui kirusi hiki. Maji yanayochemka yameunguza watu, na mtoto asifunikwe blanketi juu ya sufuria.

Sikio linalovuma au kizunguzungu kidogo baada ya korona mara nyingi hutulia. Lakini sikio likipoteza usikivu ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dharura: dawa hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, kabla ya wiki mbili kupita. Usitie mafuta ya moto wala kijiti. Nenda hospitali ya Rubya, ya Ndolage au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na uombe kuelekezwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu nayo ikaangaliwe. Anayeshindwa kupumua au kumeza asisubiri kupambazuke.

Kagera ina sababu nyingine ya kuwa macho. Mlipuko wa homa ya virusi vya Marburg uliotangazwa Machi 2023 uliua watu sita Bukoba Vijijini, na Januari 2025 homa hiyo ikathibitishwa Biharamulo. Kutoka damu puani au kwenye fizi, pamoja na homa kali ya ghafla, kutapika na kuharisha, si dalili za mafua. Usimguse mgonjwa wala majimaji ya mwili wake. Piga simu 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo.