Swali Kwanza, Mashine Baadaye

Mmekwisha sikia kwamba wanafunzi wa zamani wanachanga fedha ili kuinunulia shule yetu kompyuta nyingine, ziunganishwe, vijana waweze kuandika na kusoma kazi moja kwa pamoja. Nami nimetoa langu. Lakini kwa kuwa mimi ni mwalimu, na kosa ninalotaka kulisimulia nililitenda mwenyewe, naomba nafasi kidogo kabla fedha hazijatoka sandukuni.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipelekwa shule moja iliyokuwa na kompyuta tisa. Wanafunzi walikuwa thelathini na sita, basi wakakaa wanne wanne. Nikafungua ukurasa mmoja katika Google Docs, ule mtambo uwawezeshao watu wengi kuandika katika karatasi moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiyaona maneno ya mwenzake yakitokea. Nikawaambia, "Andikeni pamoja yote mnayoyajua juu ya kuchemka kwa maji." Chumba kilikuwa kimya, vidole vyakimbia, na kengele ilipolia kurasa nne zilikuwa zimejaa. Mkuu wa shule alichungulia dirishani akatabasamu. Nilikwenda nyumbani nikijiona mwalimu hodari.

Jioni nikatazama kumbukumbu za ukurasa ule, maana mtambo huo huweka kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Nikakuta zaidi ya nusu ya maneno yametoka meza ya pili, alikokaa kijana mmoja mwenye akili nyingi. Meza ya sita waliandika kichwa cha habari, wakakipaka rangi nyekundu, kisha ya kijani, kisha nyekundu tena. Meza ya nane walitumia robo saa kufuta maneno ya meza ya tisa. Kesho yake nikauliza kwa mdomo: kwa nini juu ya mlima maji huchemka kabla ya kufika digrii 100? Isipokuwa yule kijana, hapana aliyejibu. Na jibu lenyewe, kwamba huko juu hewa huyagandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, lilikuwa katika mstari wa tatu wa ukurasa wao!

Msidhani ni jambo dogo. Hapa Uganda mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, wataka kazi nyingi za vikundi, na sehemu ya alama za mwisho hutokana na kazi zinazofanywa shuleni. Ikiwa mmoja aandika na watatu wapaka rangi, basi twawapa watatu alama wasizozifanyia kazi, na kumwibia mmoja jasho lake.

Mtu aliyenifungua macho ni Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alifundisha miaka kadhaa, wanafunzi wakimsifu na kufaulu mitihani. Kisha akawapa maswali mepesi yasiyo na hesabu, mathalan hili: lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalolisukuma lenzake kwa nguvu zaidi? Wengi walikosea, ijapokuwa kanuni ya Newton waliijua kwa moyo. Nguvu ni sawa kwa pande zote mbili. Gari dogo huumia zaidi kwa kuwa ni jepesi, na mwendo wake hubadilika ghafula kupita ule wa lori.

Basi tangu mwaka 1991 Mazur akaacha kuhutubu saa nzima. Hufundisha kidogo, kisha hutoa swali lenye majibu manne. Kila mmoja afikiri peke yake, kimya, achague. Wote waonyeshe majibu yao kwa mara moja, naye mwalimu ahesabu. Wakipata chini ya thelathini katika mia, somo halijaeleweka na lirudiwe. Wakipata zaidi ya sabini, apite mbele. Lakini wakiwa katikati ya hapo, ndipo utamu ulipo: kila mtu amtafute jirani aliyechagua jibu jingine, wabishane dakika mbili tatu, kisha wachague tena. Mara nyingi waliopata huwavuta waliokosa, kwa sababu mwenye haki ana la kusema. Na tazameni ule ukimya wa mwanzo. Usipokuwapo, darasa zima humgeukia mwenye akili na kunakili, kama walivyofanya wangu.

Mazur alianza bila mtambo wo wote. Baadaye wanafunzi wake walipewa vidude vya mkononi vyenye vitufe, majibu yakahesabiwa na kompyuta. Je, vidude viliongeza elimu? Mwaka 2008 Nathaniel Lasry, mwalimu wa fizikia huko Kanada, alichapisha jaribio lake: darasa moja lilitumia vidude, jingine lilitumia kadi za karatasi, njia ya kufundisha ikiwa ile ile. Hakuona tofauti ya maana katika waliyojifunza. Sisemi kwamba mtambo ni bure. Humhesabia mwalimu upesi, huweka kumbukumbu, na humficha mwenye haya ambaye hathubutu kunyanyua kadi mbele ya wenzake. Siku hizi kuna hata kadi za Plickers, zilizochapwa alama ambazo simu moja ya mwalimu huzisoma kwa kamera yake, darasa zima kwa mara moja. Lakini kilichowafanya wale vijana wafikiri ni swali na ule ubishi.

Nilipojua hayo niliurudia ukurasa wangu wa pamoja, na safari hii nilikaa usiku mzima na kalamu kabla ya kuigusa kompyuta. Niliazima shauri la Elliot Aronson, aliyewagawia watoto wa Austin, Texas, mwaka 1971, kila mmoja kipande kimoja cha somo, hata ikawa hapana awezaye kulimaliza bila kumsikiliza mwenzake. Kila meza nikaipa jambo ambalo meza nyingine hawakulipata: moja ikapewa vipimo vya maji ya mlimani, moja chungu chenye kifuniko kizito, moja maji ya chumvi, na kadhalika. Sharti la kwanza, ye yote asifute neno la mwingine. Akilipinga, aandike pingamizi lake pembeni. La pili, kila meza iulize meza nyingine swali moja na kujibiwa. La tatu, mwandishi abadilishwe kila dakika kumi. Kelele zilikuwa nyingi mno, na mkuu wa shule safari hii hakutabasamu. Lakini kesho yake waliweza kujibu, hata wale wa meza ya sita.

Sasa narudi kwenye sanduku letu. Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, katika kila shilingi kumi tutoe tatu kwa ajili ya walimu. Semina ya siku moja, mgeni akionyesha vitufe na kuondoka jioni, nimehudhuria nyingi, na chai yake ilikuwa nzuri. Kinachosaidia ni saa mbili kila juma, kwa muhula mzima, na mtambo mmoja tu. Mwalimu alete somo lake la juma lijalo, wenzake wajifanye wanafunzi, wamkosoe. Kisha akilifundisha darasani, mwenzake mmoja akae nyuma na daftari, ahesabu ni vijana wangapi waliosema neno na wangapi waliokaa kama magogo. Saa hizo zilipwe, au walimu wapunguziwe vipindi. Mtu mwenye vipindi thelathini kwa juma hatakaa usiku na kalamu kila siku, hata mkimnunulia kompyuta ya dhahabu.

Nanyi vijana, msingoje fedha. Shikeni karatasi mkate kadi nne, A, B, C na D. Swali hili hapa: jiwe limerushwa juu moja kwa moja, limeuacha mkono na lingali linapanda. Tuseme hewa hailizuii. Je, (A) nguvu ya mkono ingali ikilisukuma juu. (B) nguvu ya mkono na mvuto wa dunia zinashindana. (C) ni mvuto wa dunia peke yake. (D) hapana nguvu yo yote? Chagua kimya, kisha umtafute aliyechagua jingine. Mwalimu wenu aulizwe mwisho.