Umbo Ndilo Kazi: Muundo wa RNA na Utendaji wa Ribozaimu

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi wanabiolojia walishikilia kwamba kazi ya kuchochea mabadiliko ya kikemikali katika seli ni ya protini pekee; RNA ilichukuliwa kuwa tarishi tu wa ujumbe wa kinasaba. Msimamo huo ulitikiswa mwaka 1982, Thomas Cech na wenzake walipoonyesha kuwa RNA ya kiumbe cha seli moja kiitwacho Tetrahymena hujikata na kujiunga upya bila msaada wa protini. Mwaka 1983, Sidney Altman na wenzake walithibitisha uwezo kama huo katika RNA nyingine. Cech na Altman walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1989. Molekuli za aina hii huitwa ribozaimu. Swali linalozuka ni hili: RNA iliyojengwa kwa besi nne tu hupata wapi uwezo huo?

2.0 Viwango vya Umbo

Umbo la RNA huchanganuliwa katika viwango vitatu. Kwanza ni mfuatano wa besi: adenini, urasili, guanini na sitosini. Pili, uzi hujikunja, besi zikashikana jozi jozi na kufanya mashina yenye vitanzi nchani. Tatu, mashina na vitanzi hivyo hukaribiana na kugusana, hata sehemu zilizo mbali katika uzi zikaathiriana. Mwanafunzi wa sarufi anaifahamu hali kama hii. Katika sentensi “Vitabu alivyonunua mwalimu jana mjini vimepotea”, nomino ya mwanzo hutawala kiambishi cha kitenzi cha mwisho, ingawa maneno kadha yamevitenganisha.

3.0 Mfano wa Ribozaimu Nyundo

Ribozaimu nyundo, iliyopewa jina hilo kwa sababu mchoro wake hufanana na kichwa cha nyundo, ilitambuliwa mwaka 1986 katika RNA ndogo zinazoambukiza mimea. Ina mashina matatu yanayokutana kwenye kiini, na hujikata mahali pamoja maalumu. Kwa kurahisisha utafiti, wataalamu waliipunguza hadi kiini na mashina mafupi. Kwa kuwa bado ilikata, vitanzi vilivyoondolewa vilidhaniwa kuwa ziada.

Maumbo ya fuwele ya ribozaimu hiyo iliyopunguzwa yalichapishwa mwaka 1994 na 1995, nayo yakazua utata. Ili uzi ukatike, oksijeni ya sukari hupaswa kuikabili fosfeti jirani kwa mstari mnyoofu na kifungo kitakachovunjika. Katika maumbo hayo haikuwa hivyo. Aidha, baadhi ya besi ambazo majaribio yalionyesha kuwa za lazima zilionekana hazina kazi. Mgogoro huo kati ya umbo na majaribio ulidumu takriban mwongo mmoja.

Mwaka 2003 ilibainika kuwa ribozaimu kamili, ambayo vitanzi vyake hugusana, hufanya kazi vyema hata penye magnesiamu kidogo kama ilivyo ndani ya seli. Kisha mwaka 2006, Monika Martick na William Scott wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walichapisha umbo la ribozaimu kamili ya Schistosoma mansoni, mnyoo uletao kichocho cha matumbo, maradhi yanayojulikana sana kandokando ya Ziwa Victoria. Ilidhihirika kwamba mguso ulio mbali na kiini hukipinda kiini chenyewe: oksijeni hukaa sawa na fosfeti, na guanini mbili huwekwa mahali zinapoweza kupokea na kutoa protoni. Kasi ya ukataji yaweza kuongezeka hadi mara 1000.

4.0 Hitimisho

Mfano huu unabainisha mambo mawili. Kwanza, mfuatano wa besi pekee hauelezi utendaji wa ribozaimu. Kiini hutenda kikamilifu kinaposhikiliwa na umbo zima. Pili, majaribio hayakukosea, wala fuwele hazikudanganya. Kilichopotosha ni kukiita ziada kile ambacho kazi yake ilikuwa haijajulikana. Mchanganuzi wa muundo wowote, uwe wa molekuli au wa lugha, hana budi kujihadhari kabla ya kukata.