Mzinga wa Bangwe: Mafunzo Niliyopata Nikibuni Mchezo wa Mezani

Mchezo wenyewe ni wa hadithi. Msimulizi anaeleza hali, kila mchezaji anamwigiza mhusika wake, na penye shaka dadu inaamua. Ninaocheza nao ni vijana wa Ujiji na Gungu. Hadithi yetu iko Kigoma ya mwaka 2140: maharamia wenye makombora wanazunguka ziwani, na pale rasi ya Bangwe umesimama mzinga unaojiendesha. Unaliona kombora kwa rada, unalilenga na kulitungua bila mtu kugusa kitufe. Hakuna sehemu ya mchezo iliyonifunza mengi kama mzinga huo.

1. Anzia kwenye mzinga uliowahi kuwepo

Kigoma haihitaji kuazima vita vya kubuni. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa huku kwa reli. Iliunganishwa upya hapa hapa na kushushwa majini Februari 1915. Julai mwaka huo manowari Königsberg ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji, Wajerumani wakaiopoa mizinga yake ya milimita 105, na mmoja ukafungwa kwenye Götzen.

Kilichofuata ndicho kilichonipa mchezo. Februari 1916 kamanda Mwingereza Geoffrey Spicer-Simson, mwenye boti ndogo Mimi na Toutou, aliiona Götzen ikipita akakataa kuikabili. Baadaye jeshi la nchi kavu la Wajerumani liliuhitaji mzinga ule, ukang'olewa, na mahali pake ukawekwa wa mbao. Juni ndege za Wabelgiji zikaanza kuiangushia Kigoma mabomu, na mwishoni mwa Julai Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe.

Kwa hiyo kwenye mchezo wetu mzinga una alama mbili: nguvu zake halisi, na nguvu ambazo adui anaamini unazo. Wachezaji wenye akili hushughulikia zaidi alama ya pili. Wanatuma majasusi, wanavumisha habari sokoni Mwanga, wanafanya majaribio ya kufyatua mchana kweupe ili waonekane.

2. Hesabu za kweli zinatisha kuliko za kubuni

Mzinga wa aina hii upo tayari duniani. Phalanx ya Marekani, iliyoanza kutumika kwenye manowari mwaka 1980, ina mitutu sita ya milimita 20 na hufyatua risasi 4,500 kwa dakika, yaani 75 kwa sekunde. Ghala lake hubeba risasi 1,550. Gawanya: baada ya sekunde kama 20 mzinga ni mtupu.

Kombora la Exocet huruka karibu mita 300 kwa sekunde, chini sana juu ya maji. Ziwa letu lina upana wa wastani wa kilomita 50. Kombora linauvuka kwa chini ya dakika tatu. Rada iliyo mita 30 juu ya maji haitaliona mpaka lifike kama kilomita 27, kwa sababu dunia ni mviringo. Hapo zimebaki sekunde 90. Na risasi zenyewe zina uhakika kwenye kilomita mbili za mwisho tu: sekunde sita au saba. Michezo mingi ya aina hii huhesabu raundi moja kuwa sekunde sita. Basi mzinga una raundi moja, na binadamu hana nafasi ndani yake.

3. Uamuzi ufanyike kabla

Hilo lilinilazimisha kuhamisha dadu. Kombora likishatokea, wachezaji hawana cha kufanya. Wao huamua mapema ufunguo wa mzinga ukae wapi: mzinga umezimwa, unaomba ruhusa, au unajiamulia.

Kila nafasi ina wafu wake. Tarehe 17 Mei 1987 manowari ya Marekani USS Stark ilipigwa na makombora mawili ya Exocet kwenye Ghuba, mabaharia 37 wakafa. Phalanx yake haikufyatua, maana haikuwa imewekwa kujiendesha. Februari 1991 Phalanx ya USS Jarrett ilikuwa inajiendesha. Ikafuata vipande vya kuhadaa rada vilivyorushwa na USS Missouri, na risasi zikaipiga Missouri, meli ya upande wake. Na Oktoba 2007 huko Lohatla, Afrika Kusini, mzinga wa kutungulia ndege wa milimita 35 uliharibika mazoezini ukaua askari 9.

4. Uliza risasi zilizokosa zinaangukia wapi

Swali hili liliulizwa na kijana anayevua dagaa Katonga: "Kaka, huo mzinga ukikosa, sisi huku chini tunafanyaje?"

Nadhani ndilo swali kubwa kuliko yote. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mwezi, wakawasha taa, na kutoka juu ya vilima ziwa huonekana kama mji mwingine. Rada haiwezi kuwadhania kombora, kwa kuwa mtumbwi ni wa polepole. Ila risasi mia nne na zaidi za sekunde sita lazima zitue mahali. Phalanx ya nchi kavu hutumia risasi zinazojilipua zenyewe angani zikikosa. Zile za melini ni vyuma vizito vinavyoendelea na safari yao mpaka majini.

Tukaandika kanuni: ufunguo ukiwekwa kwenye kujiamulia, mitumbwi yote ya Katonga na Kibirizi irudi ufukweni. Usiku huo hakuna dagaa. Mchezaji anayeigiza mama mwanika dagaa ana kura sawa na kamanda, na mara nyingi humshinda kwa hoja. Maharamia nao wamejifunza: wanatishia kila giza linapoingia, bila kurusha kitu, mpaka mji uone njaa. Mabishano ya meza yetu huanzia hapo, na mimi huyaacha yaendelee.

5. Risasi huja kwa reli

Ghala likiisha, mzigo mpya unatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Mvua ikikata njia, wachezaji wanasubiri. Ndiyo maana kila anayetaka kuwa fundi wa Bangwe sasa anaulizwa kwanza kama anamfahamu mtu Tabora, ambako reli hiyo hupitia.