Kupasuliwa ili Kupunguza Uzito: Nani Atakufuatilia Ukisharudi Lubumbashi?

Anayefikiria kupasuliwa ili apunguze uzito huanza karibu kila mara na maswali mawili: hospitali gani, na dola ngapi. Ni maswali ya haki, lakini kijitabu hiki kinataka swali jingine litangulie: ukisharudi Lubumbashi, nani atakupima damu baada ya miezi mitatu, baada ya sita, na kila mwaka tangu hapo? Wengi wanaotafuta huduma hii huelekeza macho Johannesburg, Nairobi au India. Kazi ya mpasuaji huisha kwa saa chache. Mwili alioubadilisha utaishi nao Katuba, Kamalondo au Kampemba maisha yako yote. Kwa maoni yangu, jibu la swali hilo ndilo linalopaswa kuamua kama uende, uende lini, na uchague upasuaji wa aina gani.

Faida ya upasuaji huu imethibitishwa, na haisaidii kitu kuikana. Nchini Uswidi, utafiti ulioanza mwaka 1987 ulifuatilia watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa, ukawalinganisha na wengine zaidi ya 2,000 wanene kama wao ambao hawakupasuliwa. Matokeo ya 2007 yalionyesha vifo vimepungua kwa karibu robo, na ripoti ya 2020 ikaonyesha kwamba waliopasuliwa waliishi wastani wa miaka 3 zaidi ya wenzao. Huko Cleveland, Marekani, watu 150 wenye kisukari waligawanywa makundi matatu. Baada ya miaka 5, sukari ilikuwa imeshuka hadi kiwango kilicholengwa kwa asilimia 29 ya waliotengenezewa kifuko kilichounganishwa na utumbo, asilimia 23 ya walioondolewa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, na asilimia 5 tu ya waliotumia dawa peke yake. Soma takwimu hiyo na upande wake wa pili: hata katika kundi lililofaulu zaidi, wagonjwa wengi hawakufika kiwango hicho. Anayekuahidi kwamba kisukari kitaondoka kabisa anakuahidi asichokuwa nacho. Na kufyonzwa mafuta chini ya ngozi, ambako wengi hukuchanganya na upasuaji huu, ni jambo lingine kabisa. Kunabadilisha umbo, hakutibu kisukari.

Kujua kama unahusika, gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Mama mwenye urefu wa mita 1.65 na kilo 110 anapata 40. Tangu 1991 wataalamu wa Marekani walitaka 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 chama cha wapasuaji wa huko pamoja na kile cha kimataifa walishusha hadi 35 hata bila ugonjwa, na 30 kwa mwenye kisukari. Namba hiyo inakuruhusu kuzungumza na mpasuaji, haikulazimishi kupasuliwa.

Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza huondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, ukabaki mwembamba kama bomba. Ya pili hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, hivyo chakula kinaruka sehemu ambako mwili hunyonya madini ya chuma na kalisi. Zote mbili zinadai vitamini maisha yote, lakini ya pili inadai zaidi, na anayeacha vidonge hupungukiwa damu, huku mifupa na mishipa ya fahamu ikiumia polepole bila kelele. Kwa mtu asiye na hakika ya kupata vipimo kila mwaka, mimi ningeegemea ya kwanza, isipokuwa kama ana kiungulia kikali, kwa sababu njia hiyo inaweza kukizidisha.

Hatari inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini ufuatiliaji wa hapa nyumbani ni wa lazima ni kutapika. Akiba ya vitamini B1 mwilini haizidi wiki mbili au tatu hivi. Aliyepasuliwa akitapika kwa muda huo, akapelekwa kituo cha afya cha mtaani, muuguzi ataona mtu aliyeishiwa maji na atamtundikia serumu ya sukari, kama alivyofundishwa. Lakini kuitumia sukari hiyo, mwili unahitaji B1. Isipotangulia, ubongo unaweza kuumia: macho yanachezacheza, mtu anayumba, anachanganyikiwa, na kumbukumbu nyingine hazirudi tena. Muuguzi hana kosa, hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana kila aliyepasuliwa nje anahitaji karatasi moja ya Kifaransa, lugha ambayo wauguzi na madaktari wetu huandikia, hata kama faili lake lote limetoka India kwa Kiingereza. Iandikwe aina ya upasuaji, tarehe, B1 kabla ya serumu ya sukari, na onyo la kutompa ibuprofeni wala diklofenaki, dawa za maumivu zinazouzwa katika farmasi bila kuulizwa, ambazo baada ya njia ile ya pili huweza kuleta kidonda penye maungio. Katika wiki za mwanzo, homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo huweza kuashiria kwamba mshono unavuja. Hapo usisubiri asubuhi. Nenda hospitali kubwa kama Sendwe au Cliniques Universitaires, karatasi mkononi.

Wako watakaosema mtu apunguze bukari, atembee, basi. Kula vizuri na kutembea kunamfaa kila mmoja, lakini kwa aliyefika 40, mwili wenyewe hupigana kuzirudisha kilo zilizopungua. Kurudi kwa kilo hizo si ushahidi wa uvivu. Wengine watataja sindano mpya. Semaglutide, katika jaribio lililotangazwa 2021, ilipunguza karibu asilimia 15 ya uzito, lakini walioiacha walirudisha theluthi mbili ya kilo hizo ndani ya mwaka. Ni dawa ya kudumu, na inatakiwa kuhifadhiwa kwenye friji, jambo gumu umeme unapokatika kila siku. Kuna pia woga ambao madaktari huudharau: hapa kwetu mtu akikonda haraka, majirani humtungia ugonjwa. Woga huo ni halali. Familia iambiwe mapema, ili iwe na la kujibu.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba ikiwa ufuatiliaji ni mgumu, afadhali watu waache kabisa. Siikubali. Hesabu ya damu na kipimo cha sukari vinapatikana mjini. B12 huchomwa kwa sindano. Kinachokosekana mara nyingi ni daktari mmoja aliyekubali kubeba jukumu hilo kabla ya safari. Mtafute kabla ya kununua tiketi. Akikosekana kwa sasa, endelea kutibu sukari na tansio kwa dawa zilizopo, na usione aibu kuahirisha. Anayeuza kiwanja alipie upasuaji, akabaki bila pesa ya vidonge na vipimo vya mwaka unaofuata, amenunua nusu ya matibabu. Mwanamke anayetaka mtoto atahesabu pia kwamba mimba hushauriwa kungoja miezi 12 hadi 18, wakati kupungua uzito kwenyewe kunaongeza uwezekano wa kuipata.

Siku ya kuonana na daktari huyo, nenda na anayepika nyumbani kwako. Wiki za kwanza ni za vinywaji vyepesi na uji mwepesi, kisha vyakula vilivyopondwa. Bukari itangoja kwa wiki nyingi, na ikirudi itakuwa donge dogo linalotafunwa, kwa kuwa likimezwa zima linaweza kukwama. Samaki, mayai, maharage na viwavi vitaliwa kwanza, bukari baadaye kama bado ipo nafasi. Hayo ayasikie mpishi mwenyewe kutoka kwa daktari, aulize maswali yake, nanyi mtoke na tarehe ya kipimo cha kwanza cha damu.