SOMO LA PAKA WASIO NA WENYEWE

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu wa Kwala, mji wenu wakua. Bandari kavu ilifunguliwa rasmi mwezi wa Julai 2025, na viwanda na nyumba zaongezeka. Penye watu pana makombo, penye makombo pana panya, na penye panya paka hawakosi. Wengine wana wenyewe, na wengine ni mashume wazaao darini na vichakani. Mtu akichoshwa na kelele zao usiku hufanya moja katika matatu: hutega sumu, au hutia vitoto vyao guniani akavitupa mbali, au huwaacha wazidi. Yote matatu hayafai, na iko njia ya nne.

1. HAKI YA PAKA

Katika Bukhari na Muslim imepokewa khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie riziki, hata akafa. Fahamu, ewe msomaji, ya kuwa hakulaumiwa kwa kutofuga paka. Alilaumiwa kwa kuwa alimtia mkononi mwake kisha akampuuza. Na sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu ili anywe, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzunguka majumbani.

2. KWA NINI KUUA HAKUFAI

Paka jike huchukua mimba muda wa miezi miwili hivi, na aweza kushika mimba kabla hajatimiza nusu mwaka. Huzaa vitoto vitatu, vine au zaidi, na kwa mwaka huzaa zaidi ya mara moja. Ukiwaua watano na jaa likabaki wazi, wengine watakuja kula pale pale, na mwaka wa pili utarudia dhambi ile ile. Tena sumu haichagui: humpata kuku wa jirani, na yakhofiwa kumpata mtoto wa jirani. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 imekataza ukatili kwa wanyama.

3. NJIA YA NNE

Lamu ni mji wa paka wengi tangu zamani, na huko iko zahanati ya wanyama inayowatibu na kuwafunga uzazi, kisha huwarudisha mitaani mwao. Paka asiyezaa hubaki mahali pake, huwinda panya kama kwanza, na idadi hupungua kidogo kidogo bila ya damu. Kazi hiyo haiwezi mtu mmoja, bali majirani wakishikana. Na hivi ndivyo ifanywavyo:

Kwanza, wahesabiwe paka wa mtaa, na majaa yafunikwe. Wawekewe chakula mahali pamoja, kwa saa moja, hata wazoee.

Pili, apatikane daktari wa mifugo, na siku iwekwe kabla ya kutega. Kuhasi dume na kufunga uzazi wa jike ni kazi yake peke yake, kwa dawa ya usingizi. Asithubutu mtu kutumia wembe nyumbani.

Tatu, watumie mtego wa tundu, na mtu akae karibu. Mtego ni kifungo, na tumekwisha kusikia khabari ya aliyefunga paka akamsahau. Akinaswa afunikwe kitambaa apate kutulia. Jike mwenye maziwa aachiliwe, ana vitoto vinavyomngoja.

Nne, daktari amchanje chanjo ya kichaa cha mbwa, na amkate ncha ya sikio naye amelala, ili asitegwe mara ya pili. Akipata nguvu arudishwe pale pale alipotoka.

Na aliyeumwa au kuparuzwa na paka aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

4. MAS'ALA

Suala: Je, kuhasi paka kwajuzu?

Jawabu: Wanavyuoni wamekhitalifu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imamu Nawawi amekataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Wahanafi katika Fatawa Hindiyya wameruhusu kwa paka, ikiwa pana manufaa au ni kuondoa madhara. Na katika wanavyuoni wa zama zetu, Sheikh Muhammad bin Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, ameruhusu ikiwa paka ni wengi wenye kuudhi na kazi yenyewe haiwadhuru, kwani ni bora kuliko kuwaua. Mwenye shaka na amuulize shehe wake kabla ya kushika mtego. Lakini asifanye shaka yake kuwa ruhusa ya kutega sumu.

Basi, ndugu zangu, asiyeweza kutega na ahesabu, asiyeweza kuhesabu na atoe nauli ya daktari, na asiye na kitu na afunike jaa lake. Hawa hawana ulimi wa kushitaki duniani. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kurehemu. Amin.